Mahali na Daraja Lake: Misitu, Makaburi na Magofu ya Uzaramo katika Sheria na katika Lugha

Wilaya ya Kisarawe na sehemu kubwa ya Kibaha zimo katika nchi iliyoitwa Uzaramo tangu kabla jiji la Dar es Salaam halijakuwapo. Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857 walipoanza safari yao ya bara kutoka Kaole, na jina hilo limo katika kitabu alichochapisha Burton mwaka 1860. Kuanzia mwisho wa karne ya kumi na tisa, nchi hii imepimwa na kupangwa madaraja mara nyingi. Watawala, wataalamu wa misitu, wanaakiolojia na watalaamu wa mipango miji wamekuja kila mmoja na kipimo chake, wakaamua ni mahali gani panastahili kulindwa na ni mahali gani panaweza kulimwa, kuchimbwa au kujengwa.

Mhadhara huu unahusu vipimo hivyo na maneno yaliyovibeba. Hoja yake ni kwamba sheria zilizopanga mahali katika Uzaramo zilikuwa na macho mawili: jicho moja lilitazama mti, jingine likatazama jiwe. Mahali ambapo Wazaramo wenyewe walipaweka katika daraja la juu palikuwa mara nyingi ni mti na kaburi kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hapakuonekana kwa jicho lolote kati ya hayo mawili. Hata hivyo, palikuwa na jina katika Kiswahili, na jina hilo limo katika kamusi.

Neno hifadhi

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Kitenzi hifadhi, chenye asili ya Kiarabu, kina maana mbili zinazokwenda pamoja: kulinda kitu kisipotee, na kukiweka moyoni. Mwanafunzi wa chuo huhifadhi Kurani, na aliyeihifadhi yote huitwa hafidhi. Katika matumizi hayo kinachohifadhiwa hakihitaji mpaka, bango wala askari. Kinahitaji mtu anayekijua. Serikali ilipounda istilahi za misitu na wanyama ilichukua maana ya kwanza na kuiacha ya pili, hata leo msitu wa hifadhi ni msitu wenye mpaka uliopimwa, uwe na mtu anayeujua au usiwe naye.

Maneno mengine ya jamii hiyo nayo yana historia yake. Mbuga, ambayo ni uwanda wa nyasi, iligeuzwa kuwa mbuga ya wanyama, kisha maandishi rasmi yakaiacha na kuchukua hifadhi ya taifa. Chini yake kukawa na pori la akiba na pori tengefu. Hizi ni ngazi za kisheria, na kila ngazi ina makatazo yake. Lakini pori katika mazungumzo ya kila siku ni mahali pasipo na mwenyewe, na hapo istilahi hufanya kazi ambayo pengine haikukusudiwa. Mtu aliyezaliwa ndani ya eneo hilo hujikuta kijiji cha babu yake kimeitwa pori, tena kwa Kiswahili sanifu.

Kipimo cha mti

Utawala wa Wajerumani ulitoa amri ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, na Waingereza wakatunga sheria yao ya misitu mwaka 1921. Misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini ilitengwa kwa nyakati tofauti wakati wa Waingereza. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha manufaa: mbao, kuni na maji. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ilipita kando ya vilima vya Pugu, na mji uliokua mwisho wa reli hiyo ulihitaji nishati na maji. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivyo hivyo na kuishia baharini katikati ya jiji. Wakazi wa Jangwani waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 walikuwa wakipokea maji yaliyoanza safari yake Pugu na Kisarawe.

Kipimo cha pili kilikuja mwishoni mwa karne ya ishirini, nacho ni bioanuwai. Watafiti walianza kuhesabu aina za mimea, ndege na wanyama katika vipande vya misitu ya pwani kutoka Kenya hadi Msumbiji, na mwaka 2000 Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maumbile lilichapisha kitabu kilichohaririwa na Neil Burgess na Philip Clarke kuhusu misitu hiyo. Ilibainika kwamba vipande vidogo vya Uzaramo vina viumbe visivyopatikana kwingi duniani. Komba mdogo wa Rondo, anayeishi Pugu na Kazimzumbwi pamoja na misitu michache mingine ya pwani ya Tanzania, aliingizwa katika orodha ya nyani, kima na komba ishirini na watano walio hatarini zaidi duniani kwa miaka ya 2006 hadi 2008.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Msitu ulipanda daraja kadiri ulivyopungua. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 mwaka 2002, milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022, na mkaa wa kupikia wa watu hao ulitoka kwa sehemu kubwa katika misitu ya Pwani na mikoa ya jirani. Uhaba ndio uliokuza thamani. Msitu wa Pugu ulipokuwa mkubwa na mzima ulihesabiwa kuwa ghala la kuni. Ulipobaki kipande, ukawa hazina ya dunia. Hatimaye Pugu na Kazimzumbwi zimeunganishwa na kupandishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kupandishwa huko ni jambo jema, na hakuna haja ya kulikejeli. Ila yafaa kuona kwamba katika vipimo vyote viwili, cha kuni na cha komba, mwanadamu anaingia kama mharibifu tu.

Kipimo cha jiwe

Jicho la pili lilikuwa la mambo ya kale. Waingereza walikuwa na sheria ya kuhifadhi magofu tangu mwaka 1937, na mwaka 1957 Neville Chittick aliteuliwa kuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika. Kazi yake Kaole na Kilwa ilijenga sifa ya idara kwa vizazi vilivyofuata. Baada ya uhuru ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale, Na. 10 ya mwaka 1964. Sheria hii iliweka mstari katika wakati: jengo, ngome, makaburi au kitu kilichoundwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa kwa nguvu ya sheria yenyewe. Milango ya mbao iliyochongwa ilipewa mstari wake wa peke yake, mwaka 1940.

Mstari wa 1863 unafaa sana Kilwa na Kaole. Kisarawe na Kibaha hali ni nyingine. Misheni ya Wabenediktini ya Pugu, iliyoanzishwa mwaka 1888 na kuchomwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri, imepitwa na mstari kwa miaka ishirini na mitano. Misheni za Kilutheri za Kisarawe na Maneromango ni za miaka ya 1890. Shule ya Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi ili aiongoze TANU, haimo. Wala haimo Minaki, iliyorithi chuo cha Kiungani cha Unguja, wala Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, yaani miaka mia moja kamili baada ya mstari. Mapango ya Pugu yanayotembelewa na watalii kwa ajili ya popo wake ni mashimo ya kuchimbia udongo mweupe wa kaolini, kazi ya karne ya ishirini. Sheria inamruhusu waziri kutangaza mahali pengine kuwa kumbukumbu, na Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ilipanua mawazo. Hata neno malikale, muungano wa mali na kale, lilikuwa hatua mbele ya mambo ya kale, kwani liliingiza dhana ya umiliki. Lakini tangazo la waziri lahitaji mtu wa kuliomba, wakati mwaka 1863 hauhitaji mtu.

Zaidi ya hayo, desturi ya kazi ilikuwa finyu kuliko sheria. Sheria haikutaja mawe peke yake. Uchunguzi wa Felix Chami tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa kusini ya Dar es Salaam, mahali paitwapo Limbo, watu walifua chuma karne za mwanzo za zama hizi, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya misikiti ya Kaole. Ushahidi wao ni vigae na mavi ya chuma. Hakuna ukuta wa kupiga picha. Kwa mstari wa mwaka, mahali pa namna hiyo pana haki yote ya ulinzi. Kwa macho ya mpita njia, ni shamba la mihogo. Hata njia ya misafara imepita bila kuacha alama: orodha ya majaribio ya Urithi wa Dunia, ambayo Tanzania iliwasilisha mwaka 2006 kuhusu njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, inataja Bagamoyo kisha inaruka hadi Mamboya. Uzaramo, ambao misafara ya Burton na wengine iliulipa hongo ili ipite, hauna hata kituo kimoja.

Mzimu

Palikuwa pia na upangaji wa tatu, ule wa wenyeji. Martin Klamroth, mmisionari Mlutheri aliyefanya kazi miongoni mwa Wazaramo, alichapisha kati ya mwaka 1910 na 1913 maelezo marefu ya itikadi zao katika jarida la Kijerumani la lugha za makoloni. Aliandika habari za Kolelo, nguvu iliyokaa pangoni katika milima ya Uluguru, ambako Wazaramo walituma wajumbe kuomba mvua, na ambayo mwaka 1905 ilisemekana kuwakataza watu kulipa kodi kwa wageni. Kwa maneno mengine, mahali pa daraja la juu kabisa kwa Mzaramo wa Kisarawe palikuwa nje ya Kisarawe. Orodha yoyote inayotungwa kwa mipaka ya wilaya haiwezi kupaona.

Chini ya Kolelo palikuwa na mahali padogo pengi: mti mkubwa, chimbuko la maji, kaburi la mkuu mwenye cheo cha pazi. Kiswahili kina neno moja kwa mahali pa namna hiyo, nalo ni mzimu. Wanasarufi wanajua kwamba mzimu, wingi mizimu, humaanisha roho ya mfu na vilevile mahali inapotambikiwa, na kwamba huchukua upatanisho wa mzimu huu, mizimu hii, katika ngeli ya miti wala si ya watu. Huenda isiwe busara kujenga falsafa nzima juu ya kiambishi. Hata hivyo, lugha iliyoweka mfu, mti na mahali katika ngeli moja haikutengana sana na watu walioitumia. Kwa Mzaramo, kaburi na mti ulioota juu yake havikuwa vitu viwili vya kuorodheshwa na idara mbili. Ukikata mti, umevunja kaburi.

Ushahidi wa maandishi ya Kiswahili wenyewe upo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo kwa asili, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikuwa mchangiaji mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, na humo mna maelezo ya desturi za Wazaramo. Maandishi ya namna hii hueleza mahali kwa kutaja kinachofanyika pale: nani huenda, lini, na nini, na kipi ni mwiko. Hicho ni kipimo cha daraja kilicho kamili, ila hakipimiki kwa hekta wala kwa miaka.

Jinsi neno linavyoweza kudumu wakati mahali pamekwisha, yaonekana jijini. Mzimuni, huko Magomeni, ni mtaa wa nyumba na maduka. Kiambishi cha mahali kimebaki na shina lake. Kilichokuwa kikielekezwa na kiambishi hicho hakimo katika orodha yoyote ya serikali.

Mfano wa Kenya

Kwamba sheria ingeweza kuona vingine, yathibitishwa na jirani. Misitu ya kaya za Wamijikenda imo katika ukanda ule ule wa misitu ya pwani pamoja na Pugu na Kazimzumbwi. Lakini kuanzia mwaka 1992 Kenya ilianza kuitangaza misitu hiyo kuwa kumbukumbu za taifa chini ya sheria ya mambo ya kale, na Makumbusho ya Taifa yakaunda kitengo maalumu cha misitu ya pwani. Msitu ukasajiliwa kama gofu lingesajiliwa, kwa sababu ya makazi ya kale, makaburi na miiko iliyomo. Mwaka 2008 kaya kumi na moja, zilizotawanyika kwa umbali wa kilomita zipatazo 200 za pwani, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia. Miti ni ile ile; kilichobadilika ni safu ya daftari iliyoandikiwa.

Si haki kuufanya mfano huo kuwa wa kimalaika. Misitu ya kaya karibu na fukwe za Diani ilimegwa na ujenzi wa hoteli, na tangazo lilikuja wakati hasara ilikuwa imekwisha kuingia. Aidha, Wamijikenda walikuwa na neno moja, kaya, na mabaraza ya wazee ambayo serikali ingeweza kuzungumza nayo. Katika Uzaramo mizimu ilikuwa midogo na mingi, kila ukoo na wake, na walinzi wake walitawanywa na historia ya karibuni zaidi: operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970. Familia zilihamishwa kutoka makazi ya zamani kwenda vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Nyuma yao yalibaki mahame, neno zuri la Kiswahili kwa makazi yaliyohamwa, na mpaka leo mtu anayejua kusoma nchi huyatambua kwa minazi na miembe mikongwe iliyosimama kwa safu mahali pasipo na nyumba. Makaburi yamo humo. Baada ya kizazi kimoja mahame yaliitwa pori.

Kijiji na mji

Sheria za ardhi za mwaka 1999 na Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, zilileta nafasi ambayo haikuwapo kabla. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake chenyewe, kikauandikia sheria ndogo, na sababu ya kuutenga si lazima iwe mbao wala komba. Katika Kisarawe, ambako vijiji bado vipo, mkutano mkuu wa kijiji waweza kuandika katika mpango wake wa matumizi ya ardhi kwamba kichaka fulani ni mahali pa matambiko, na maandishi hayo yana nguvu. Hii ndiyo ngazi pekee ambamo kipimo cha wenyeji chaweza kuingia katika daftari bila kuomba tafsiri ya mtaalamu.

Kibaha, nafasi hiyo imefungwa. Kibaha ilipokuwa na halmashauri ya mji, vijiji vyake viligeuka mitaa, na mtaa hauna mamlaka ya ardhi aliyonayo mwanakijiji katika mkutano wake. Kata ya Tangini iko ndani ya mji huo. Hakuna kijiji Tangini cha kutenga msitu. Kuna mipango miji, viwanja vilivyopimwa, na barabara kuu ya Morogoro. Basi mahali pa kihistoria katika kata kama hiyo panategemea moja kati ya mambo mawili: pawe pazee kuliko mwaka 1863, au pawe na waziri wa kupatangaza.

Kilichobaki wazi kwa kila mtu ni majina. Kata za Kibaha zinasomeka kama maelezo ya nchi yaliyoandikwa kabla ya ramani. Viziwaziwa, kwa umbo lake, ni udogo, wingi na uradidi wa ziwa: vidimbwi vilivyotapakaa. Mbwawa lina sauti ya bwawa. Maili Moja na Picha ya Ndege ni majina ya barabara na ya zama za karibuni. Tangini nalo husomeka bila taabu, tangi na kiambishi cha mahali, jina la zama za mabomba, katika mji ambao maji ya Ruvu huupita yakienda Dar es Salaam. Kusini, katika Kisarawe, Cholesamvula bado lina mvula ya lugha za bonde la Ruvu ndani yake, ambapo Kiswahili kingesema mvua. Wanafunzi wa isimu wamezoea kuyachukulia majina kama haya kuwa data ya fonolojia. Ni hati za ardhi pia, na kwa mizimu na mahame mengi hakuna hati nyingine.

Kwa kaburi lisilokuwa la jiwe ipo sheria moja zaidi, ambayo wanaohifadhi huitaja kwa nadra: Sheria ya Kuhamisha Makaburi, Na. 9 ya mwaka 1969. Kwa mujibu wake, ardhi ikihitajika kwa matumizi ya umma makaburi yaliyomo yanaweza kuhamishwa, na wenye wafu hulipwa gharama zinazostahili. Mthamini anapofika kwenye mahame huhesabu minazi shina kwa shina, miembe shina kwa shina, kisha makaburi. Kila kimoja kina bei yake katika jedwali. Mti ulioota juu ya kaburi huandikwa na miti.